Tundu la milimita tatu: uchambuzi wa kisa cha bunduki za maji Nairobi

Kisa hiki kilitokea likizo ya Desemba katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Nimeondoa jina la mtaa, la kanisa lililotupatia uwanja na majina ya watu wote waliohusika. Vipimo nimeviacha kama tulivyoviandika kwenye daftari siku ile. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari na ninaishi mtaa huo. Nilihusika tangu mwanzo, na kosa kubwa lililomo humu ni langu.

## Usuli

Kila likizo kina mama wachache wa mtaa hukusanya watoto wa miaka 8 hadi 13 ili wasishinde barabarani. Wiki ya mwisho hufungwa kwa mchezo wa kurushiana maji. Mwaka uliotangulia mchezo ule uliharibika. Maji yaliisha baada ya dakika 25. Watoto waliokuja na bunduki kubwa kutoka nyumbani waliwaandama wenzao waliokuwa na vikombe mpaka wengine wakatoka uwanjani wakilia. Msichana wa miaka 9 alipigwa jichoni kutoka hatua moja. Jicho lilikuwa jekundu siku mbili, likapona, lakini mama yake hakumrudisha tena.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Mtaa wetu hupata maji ya mfereji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine watu hununua kwa mtungi. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kupanga foleni na mitungi yake ana haki ya kuuliza kwa nini watoto wanachezea maji. Swali hilo hatukulipuuza. Tulikubaliana kutumia maji ya mvua tu, yaliyokusanywa kwenye tangi la kanisa wakati wa vuli, na tusizidi lita 240, yaani mitungi 12 ya lita 20. Uwanja nao tuliuchora kando ya vitalu vya sukuma wiki ili maji yatakayomwagika yaingie kwenye shamba.

Mama mratibu alikuja kwangu na swali moja. "Mwalimu, tununue bunduki gani? Muuzaji ananiambia yenye mdomo mkubwa ndiyo inayotoa maji mengi na kufika mbali." Nilimwambia anipe siku tatu. Kauli ya muuzaji ina ukweli nusu, na nusu ile nyingine ndiyo iliyowaliza watoto mwaka uliotangulia.

## Bunduki tulizokuwa nazo mezani

Madukani Nairobi utakuta aina tatu, na ni lazima kuzitofautisha kabla ya kuzungumzia mdomo.

Kuna bastola ndogo ya triga, ambayo kila ukiibonyeza hutema maji kama ya kijiko kidogo. Hiyo tuliiacha mara moja.

Kuna bomba la kuvuta na kusukuma. Ni paipu ya plastiki iliyovikwa sponji, yenye pistoni ndani, na hufanya kazi kama bomba la sindano: unatumbukiza mdomo kwenye beseni, unavuta, kisha unasukuma. Halihifadhi nguvu yoyote. Mkono wako wa sasa hivi ndio shinikizo la sasa hivi. Letu lilibeba mililita 300.

Kuna ya tatu, yenye pampu. Mkono husukuma maji kidogo kidogo ndani ya chumba kilichofungwa, hewa iliyomo inabanwa, na triga ikivutwa hewa ile hutanuka na kuyatoa maji nje. Wazo la kutumia hewa iliyobanwa ndilo la Lonnie Johnson, mhandisi Mmarekani, ambaye mwaka 1982 alikuwa akijaribu nyumbani kwake mtambo wa kupoza unaotumia maji, akaona jinsi maji yalivyochomoka kwa nguvu kwenye mdomo alioutengeneza. Bunduki yake iliingia sokoni mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Super Soaker. Mwaka 1996 ilitoka aina yake iitwayo CPS 2000, iliyohifadhi nguvu kwenye mfuko wa mpira ili shinikizo lisishuke sana maji yanapopungua. Hizi za kwetu za bei nafuu bado ni za hewa, na hewa ina tabia yake, kama tutakavyoona.

Tulinunua nne za pampu zinazofanana kabisa, na mabomba manne ya kuvuta.

## Tulivyopima

Fundi wa mifereji wa mtaa alituletea keekee na biti zake. Mdomo wa bunduki hizi za pampu ni kifuniko kinachofunguka kwa kuzungushwa, kwa hiyo tulitoboa kila kifuniko kwa saizi yake: milimita 2, 3, 4 na 5. Baada ya kutoboa, fundi alikwangua ukingo wa kila tundu kwa ncha ya kisu mpaka vinyuzi vya plastiki vikaisha.

Kukwangua huko si urembo. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama alikuwa na bunduki yake aliyoipanua nyumbani kwa msumari wa moto. Tundu lake lilikuwa karibu milimita 3, lakini ukilishika kwenye mwanga unaona plastiki iliyoyeyuka imeganda kwa ndani kama ukingo wa sufuria ya ugali. Alipofyatua, maji yalitoka yakiwa yamechanganyikiwa, yakafunguka kama mtu anayenyunyizia nguo za kupiga pasi, na hayakuvuka meta 4. Fundi alilipitisha biti ya milimita 3, akakwangua, akamrudishia. Bunduki ileile ikafika meta 9. Yule kijana aliigeuza akautazama mdomo wake kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Nilipampu mipigo 25, nikafyatua ndani ya ndoo kwa sekunde mbili za kwanza, tukapima ndoo kwa mizani ya jikoni, kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja. Tulirudia mara tano kwa kila saizi na kuchukua wastani. Umbali tulipima kwa futi ya fundi, kutoka miguuni pa mpigaji hadi palipolowa zaidi, si pale tone la mwisho lilipoangukia.

| Tundu | Maji kwa sekunde | Umbali | Muda hadi kuishiwa nguvu |
|---|---|---|---|
| mm 2 | ml 38 | m 8 | sekunde 12 |
| mm 3 | ml 77 | m 9.5 | sekunde 6 |
| mm 4 | ml 109 | m 8 | sekunde 4.5 |
| mm 5 | ml 130 | m 6 | sekunde 3.5 |

Mtu aliyesoma fizikia anatarajia kitu kingine hapa. Eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo. Ukitoka milimita 2 hadi 4, eneo limekuwa mara nne, na kama shinikizo mdomoni ni lilelile, maji nayo yangekuwa mara nne: mililita 152. Tulipata 109. Kwa milimita 5 tungetarajia zaidi ya 230. Tulipata 130.

Nilikuwa nimeanza kuandika hesabu za msuguano fundi aliponikatiza. Alikuwa ameshafungua skrubu za bunduki moja na kuitandaza kwenye gunia. "Mwalimu, angalia hapa ndio kumebana." Alinionyesha valvu inayofunguliwa na triga, tundu lake likiwa karibu milimita 4. "Hata utoboe huku mbele saizi ya kidole, maji yatapita yale tu hii inaachilia."

Alikuwa sahihi, na maneno yake yanaeleza jedwali lote. Shinikizo hutumika mahali palipobana. Mdomo ukiwa mdogo kuliko valvu, karibu shinikizo lote hubaki mpaka mdomoni, na maji hutoka kwa kasi. Mdomo ukilingana na valvu au kuizidi, nguvu kubwa imeshaliwa kabla maji hayajafika nje: yanatoka mengi kidogo zaidi, lakini polepole. Ukigawa kiasi cha maji kwa eneo la tundu utaona kasi ikishuka kutoka karibu meta 12 kwa sekunde kwa tundu la milimita 2 hadi chini ya meta 7 kwa tundu la milimita 5. Ndiyo maana tundu la 5 lilitoa maji mengi kuliko yote na kufika karibu kuliko yote.

Sasa mbona tundu la 2, lenye kasi kubwa kuliko yote, halikushinda kwa umbali? Kwa sababu ya hewa. Uzi mwembamba wa maji una ngozi kubwa ukilinganisha na uzito wake. Haraka unakatika kuwa matone, na tone dogo husimamishwa na hewa upesi. Uzi mnene unajishikilia mbali zaidi. Tundu la 3 lilipata sehemu ya faida zote mbili.

## Uamuzi wa kwanza

Tuliamua bunduki za pampu kwa watoto wote 24, zote zenye tundu la milimita 3. Sababu zangu zilikuwa mbili. Kwanza, usawa: silaha moja kwa wote, hakuna wa kuonea. Pili, maji: niliandika kwenye daftari kwamba tundu la 3 linatoa mililita 77 badala ya 130 kwa sekunde, hivyo lita 240 zitadumu karibu mara moja na robo tatu kuliko kama tungetumia la 5. Nilikadiria dakika 75 za mchezo. Sababu hii ya pili nitairudia, maana haikuwa na mguu.

Kuhusu macho, hatukubahatisha. Kila mtoto alivaa miwani ya plastiki ya mafundi wa mbao, ilikatazwa kupiga juu ya kifua, na chokaa ilichorwa kati ya vikosi viwili kuacha nafasi ya meta 3 isiyokanyagwa. Uzi wa milimita 3 kutoka karibu unagonga sehemu ndogo kwa nguvu yote, na kwa jicho hilo ni baya kuliko maji mengi yanayomwagika polepole. Maji ya tangi tuliyachuja kwa kitambaa, kwa sababu siku ya majaribio punje moja ya mchanga iliziba tundu la 2 mara tatu.

## Siku yenyewe

Tulianza saa nne asubuhi, jua likiwa zuri. Dakika kumi za kwanza nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaanza kuona kitu nisichokipenda.

Wale wa miaka 12 na 13 walikuwa wakipiga meta 9 kama jedwali linavyosema. Wadogo wa miaka 8 na 9 walikuwa wakipiga meta 5, na maji yao yakianguka kwenye chokaa kabla ya kumfikia mtu. Mvulana mmoja alinijia na bunduki yake ameikumbatia kwa mikono miwili. "Mwalimu, yangu ni mbovu. Haifiki." Niliichukua, nikaipampu mipigo 25, nikafyatua. Ikafika mpaka ukutani. Nikamrudishia nikamwambia apampu yeye huku nikihesabu. Kufika mpigo wa 14 uso ulikuwa umemkaza na kiwiko kinatetemeka. Akaacha, akanitazama.

Bunduki haikuwa na ubaya wowote. Mimi ndiye niliyeipima kwa mkono wa mtu mzima.

## Mapumziko na uamuzi wa pili

Kufikia dakika ya 30 tulisimamisha mchezo, watoto wakanywa uji. Tulikagua mitungi: minne na nusu ilikuwa imetumika, chini ya nilivyokadiria. Mama mratibu alitaka tugawe upya vikosi, wakubwa na wadogo wachanganywe. Mimi nilipendekeza tuwape wadogo mabomba ya kuvuta na kusukuma, kwa kuwa hayahitaji kupampu: nguvu ya mtoto inakwenda yote kwenye maji, papo hapo. Tulikuwa na manne, na kina mama wawili wakaenda dukani wakarudi na manane ya aina ileile. Fundi aliyatoboa vifuniko vyote kwa milimita 4, kwa sababu biti ya 4 ndiyo iliyokuwa kwenye keekee na watoto walikuwa wakisubiri. Tuliweka mabeseni manne, moja kila pembe, ili mdogo asikimbie mbali kujaza.

Kwa usawa, uamuzi ule ulifanikiwa mara moja. Watoto wa miaka 8 walianza kuwalowesha wakubwa kutoka meta 6 hadi 7, na kelele zilizotoka uwanjani zilikuwa za raha. Msichana mmoja mdogo alisimama kando ya beseni akavuta na kusukuma, akavuta na kusukuma, bila kupumzika, akiwa amekunja midomo kama anayekamua ng'ombe.

Baada ya dakika 14 tulibaki na mtungi mmoja.

## Matokeo

Mitungi sita na nusu ilikuwa imekwenda kwa dakika 14, baada ya minne na nusu kutumika kwa dakika 30. Mzazi mmoja alijitolea kuleta mitungi miwili ya maji ya mfereji kutoka kwake. Mama mratibu alimshukuru na kukataa, na nadhani kukataa kule ndiko uamuzi bora wa siku nzima. Tulikuwa tumewaahidi majirani maji ya mvua tu. Mtungi uliobaki tuliutumia kwa mashindano ya shabaha: vikombe vya plastiki juu ya ukuta, bunduki moja ya tundu la milimita 2 kwa kila kikosi, watoto wakipokezana. Lita 20 zilitosha nusu saa.

Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyelia. Sukuma wiki ilinyweshwa vizuri. Lakini mchezo wenyewe ulidumu dakika 44 badala ya 75, na sehemu iliyokuwa na usawa ilikuwa dakika 14 tu.

## Uchambuzi

Nianze na mkono, maana ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi.

Mtoto aliyeishia mpigo wa 14 kati ya 25 amesukuma zaidi kidogo ya nusu ya maji. Mtu atadhani basi ana zaidi ya nusu ya nguvu. Sivyo. Kanuni ya Boyle, inayojulikana tangu 1662, inasema hewa ikibanwa kwenye nafasi ya nusu, shinikizo lake huwa maradufu. Chumba cha bunduki yetu kilichukua mililita 590. Kila mpigo uliingiza mililita 14 za maji. Mipigo 25 huacha hewa kwenye mililita 240, na shinikizo la ziada, yaani lile linalozidi la hewa ya nje, linafika karibu kilopaskali 120. Mipigo 14 huacha hewa kwenye mililita 394, na shinikizo la ziada ni kilopaskali 41 tu: thuluthi moja. Mipigo ya mwisho ndiyo inayojenga nguvu, na ndiyo ileile ambayo mkono mdogo hauiwezi. Kwa hiyo kuwapa wote bunduki moja kulionekana ni usawa, na kumbe kulimwongezea mwenye nguvu mara tatu.

Nairobi yenyewe pia imo katika hesabu hii. Tuko takriban meta 1,700 juu ya bahari, na hewa inayoanza ndani ya chumba ina shinikizo la kilopaskali 82 hivi, ilhali Mombasa ni 101. Bunduki ileile, kwa mipigo ileile 25, ingefika karibu kilopaskali 148 pale pwani, na maji yangetoka kwa kasi ya asilimia 10 zaidi. Mtoto wa Nairobi anabana hewa nyepesi. Si jambo kubwa kwa mkubwa wa miaka 13, lakini kwa yule aliyeshindwa kwenye mpigo wa 14, kila kilopaskali kilikuwa na maana.

Kosa la pili ni lile la maji, na hapa ndipo ulinganishi wa milimita na mililita ulinipotosha kabisa. Nililinganisha maji kwa sekunde wakati wa kufyatua, nikasahau kuuliza mtoto anafyatua sekunde ngapi katika dakika. Kwa bunduki ya pampu, mzunguko mmoja ni hivi: kupampu nusu dakika, kujificha, kukimbia, kurudi kujaza tangi la bunduki, kisha sekunde sita za kufyatua. Tulipowatazama wakubwa, mzunguko mzima ulichukua kama dakika mbili. Tundu la 5 lingefupisha ufyatuaji kutoka sekunde 6 hadi 3.5. Umeokoa sekunde mbili na nusu katika mia na ishirini. Maji yanayotumika kwa kila mzunguko ni yaleyale mililita 350 aliyoyapampu, yatoke kwa tundu lolote. Kwenye bunduki ya pampu tundu linapanga jinsi maji yanavyotoka. Yanayotumika hupangwa na mkono unaopampu. Dai langu la mara moja na robo tatu halikuwa na msingi, na kama tungenunua zenye tundu la 5 mitungi ingeisha karibu wakati uleule.

Kwenye bomba la kuvuta na kusukuma mambo yanageuka. Hakuna kupampu. Kuvuta ni sekunde tatu, kusukuma kwa tundu la 4 ni sekunde mbili na nusu, na umemaliza mililita 300. Hapa kusukuma ni karibu nusu ya mzunguko, kwa hiyo ukubwa wa tundu una uzito halisi. Siku chache baadaye nilimwomba msichana yule aliyekunja midomo atusaidie kupima: dakika moja mfululizo kando ya beseni. Kwa tundu la milimita 4 alitumia lita 2.9. Kwa tundu la 3 alitumia lita 2.1. Tofauti ni zaidi ya robo, kwa milimita moja tu. Nami siku ile nilikuwa nimeacha milimita hiyo iamuliwe na biti iliyokuwa kwenye keekee.

Lakini hata lita 2.1 kwa dakika zingemaliza tangi. Kilichoharibu zaidi ni mabeseni yangu manne. Niliondoa safari ya kwenda kujaza kwa nia njema, na kumbe safari ile ndiyo iliyokuwa breki ya mchezo.

Yaliyofanya kazi yapo, na nisiyapite. Kupima kabla ya kununua kulituokoa na bunduki za mdomo mpana, ambazo zingefika meta 6 kwa mkono wangu na pengine 3 kwa mkono wa mtoto. Kufungua bunduki moja na kutazama ndani kulitufundisha zaidi ya mizani, na nawasihi wanaotaka kupanua midomo waanze na valvu: tundu la mbele likikaribia kipenyo cha valvu, unachoongeza ni umwagikaji. Miwani na mstari wa chokaa vilifanya kazi yake kimya kimya. Kiwango cha maji kilichowekwa mapema, kikaheshimiwa hata kilipouma, ndicho kilichowafanya majirani waturuhusu tena.

Kama ningerudi nyuma, ningempa mtoto mdogo kuliko wote bunduki siku ya majaribio. Dakika moja ya kumtazama ingefuta nusu ya daftari langu.

## Januari

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa tulirudia, kwa lita zilezile 240. Wakubwa walikuwa na bunduki za pampu, tundu la 3. Wadogo walikuwa na mabomba ya kuvuta, tundu la 3. Mabeseni mawili tu, kila moja meta 15 nyuma ya kikosi chake. Mchezo ulidumu dakika 48, na mtungi mmoja ulibaki. Dakika 75 nilizokuwa nimeahidi hazikufika, ila safari hii wadogo walicheza dakika zote.

Yule mvulana wa "yangu ni mbovu" alikuja kuniomba kifuniko cha milimita 5, maana alikiona kwenye kopo na kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Nilimfungia. Alisukuma kwa nguvu zake zote, maji yakatoka kwa wingi, bomba likaisha kabla hajamaliza kucheka, na yote yakaanguka meta 4 mbele yake. Alilitazama lile dimbwi, akafungua kifuniko mwenyewe, akanirudishia, akaomba cha 3.

Vifuniko vyote sasa viko kwenye kopo moja kwa mama mratibu, kila kimoja kimeandikwa saizi yake kwa rangi ya kucha. Vile vya milimita 5 tumemwachia anayetunza sukuma wiki. Anasema kwa kumwagilia miche michanga havina mpinzani, kwa kuwa maji yanatoka mengi na hayachimbi udongo.